Benchi la Fundi Tangulia

Fundi mmoja wa samani, mwenye karakana nyuma ya soko, alipewa na wazazi wake jina zuri la kutosha, lakini mtaa ulikwisha kulisahau, na yeye mwenyewe hakuwahi kulidai. Watu walimwita Tangulia, kwa sababu neno hilo halikuondoka mdomoni mwake isipokuwa wakati wa kupigilia misumari, maana hapo midomo yake ilikuwa na kazi ya kuibana misumari yenyewe. Akifika mlangoni pamoja na mtu, alisema, "Tangulia." Bombani, ndoo yake ikiwa imekwisha kutegwa chini ya mfereji, aliisogeza kando na kusema, "Tangulia, mama, mimi sina haraka." Kinyozi alikuwa akisimulia kwamba siku moja fundi alikwisha kunyolewa upande mmoja wa kichwa, mara akaingia mtu mwenye safari. Fundi akainuka na shuka lake shingoni, akasema, "Mtangulize huyu," kisha akaenda kuketi pembeni, kichwa chake kikiwa kama shamba lililolimwa hadi mchana mkulima akaitwa nyumbani.

Wafanyabiashara wawili waliokuwa mkabala na karakana, muuza viatu na muuza vitasa, walikuwa na ubishi usiokwisha juu ya neno linalomfaa mtu wa namna hiyo.

"Ni mkarimu," alisema muuza viatu.

"Mkarimu hutoa kilichozidi," alijibu muuza vitasa. "Huyu hutoa hata kisichotosha."

"Basi ana moyo wa kujitolea."

"Kujitolea ni kwenda kuzima moto kwa jirani. Huyu angesimama mlangoni mwa nyumba inayowaka, awaambie wenzake, 'Tokeni, mimi sina haraka.'"

"Sema basi kwamba hana ubinafsi."

"Ubinafsi hana, hilo nakubali. Lakini mtu anahitaji nafsi kidogo, bwana, japo ya kuvalia shati. Mimi namwita mjinga, ila ni mjinga ninayemheshimu."

Mke wa fundi, alipoombwa aamue, alisema, "Mwiteni mnavyotaka, mimi ndiye ninayeishi naye. Nyumbani kwa fundi wa viti hakuna kiti chenye miguu minne inayolingana. Vizima vyote alikwisha kuwagawia watu. Mfinyanzi hulia gaeni, lakini angalau yeye ana gae. Mimi nakalia ndoo."

Wahenga walisema hisani haiozi. Juu ya magego hawakusema neno. Gego la fundi, la chini upande wa kushoto, lilianza kuoza kimyakimya, naye akalivumilia kama alivyovumilia kila kitu, hata likamchoka. Wiki moja kabla ya arusi ya binti yake wa pekee, shavu liliumuka. Misumari haikushikika tena mdomoni, na maneno yalimtoka yakiwa yamepondeka, kama mtu azungumzaye huku ameuma mto wa kulalia.

Hapo ndipo nyumba nzima ilipoingiwa na hofu. Katika ukoo wao, siku ya arusi baba wa bibi harusi ndiye husimama na kusema. Asipoweza, zamu humwangukia ndugu yake anayemfuata. Na mdogo wake fundi alikuwa mpima viwanja mstaafu ambaye, akishapewa nafasi ya kusema, huipima kutoka kona hadi kona na kuweka vigingi. Katika arusi ya mwisho aliyozungumza, chakula kilipoa, wapiga muziki walifunga ala zao, na bwana harusi alisinzia akamwegemea mama mkwe wake. Tena alikuwa mtu wa kumbukumbu kali. Hakuna aibu ya utotoni ya mpwa wala ya mtoto wa nduguye aliyoiacha ipotee.

"Baba," alisema binti, akiwa ameshika shavu la babaye kama apimaye papai sokoni, "ukishindwa kusema wewe, atasema baba mdogo. Na akisema baba mdogo, atasimulia habari ya kifungo."

Habari hiyo yafaa ielezwe, ingawa binti angechukia. Akiwa na umri wa miaka sita alimeza kifungo cha koti la babu yake, koti la sherehe, lisilokuwa na kifungo kingine cha kufanana nacho, na ukoo mzima ukakaa kukisubiri. Kilipatikana. Kikashonwa mahali pake. Baba mdogo alikuwapo tangu mwanzo hadi mwisho, na kila hatua alikuwa akiieleza kwa mikono.

"Wakwe zangu watakuwa wanakula, baba."

"Hatathimulia," alisema fundi kwa shida. "Nitang'oa."

"Utang'oa lini? Daktari wa meno huja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu, na Jumamosi ndiyo arusi."

"Jumatatu. Naapa."

Zahanati ya mtaa haikuwa na namba wala kadi za foleni. Benchi ndilo lililokuwa foleni. Lilianzia mlango wa nje, likafuata ukuta wa ukumbi mwembamba hadi mlango wa daktari, na desturi yake ilijulikana na kila mtu: ajaye huketi mkiani, wa mbele akiitwa wote husogea, na ainukaye kabla ya kuitwa hurudi mkiani. Benchi hilo alilitengeneza Tangulia mwenyewe, kwa mbao za mti mgumu. Alilipiga randa, akalipiga msasa, akalipaka vanishi mara tatu, hata mgonjwa aliteleza kuelekea kwa daktari bila kunyanyua makalio. Wapo waliosema ndiyo huduma ya kwanza iliyotolewa pale bila maumivu.

Jumatatu fundi aliketi mkiani, akateleza, akateleza tena, akafika mbele. Mlango ulipokaribia kufunguliwa, aliingia bibi mmoja mwenye mkongojo, amejifunga kitambaa kutoka kidevuni hadi utosini. Miguu ya fundi iliinuka kabla hajaishauri.

"Shikamoo, bibi. Tangulia."

"Marahaba, mwanangu. Wewe je, shavu hilo?"

"Mimi thina haraka."

Akarudi mkiani. Alipofika mbele tena, alikuwapo mama mwenye mtoto aliyekuwa akilia. Baada ya huyo alikuja mzee asiyesikia. Baada ya mzee, daktari alifunga mlango akaenda zake.

"Umeng'oa?" aliuliza mkewe.

Fundi alitazama paa.

"Mume wangu, nimekuuliza wewe, sikuuliza mabati."

Jumatano mkewe alifuatana naye. Alimketisha upande wa daktari, yeye mwenyewe akaketi upande wa nje kama komeo, akashika pindo la koti lake kwa mkono wa kulia, akalizungushia kidoleni. Walikwenda vizuri hadi karibu na mwisho. Hapo muuza vitasa aliingia, ameinamisha kichwa, anapumua kwa kinywa, na machozi yakimtoka mtu mzima yule hadharani.

"Usithubutu," alisema mke, bila hata kugeuza shingo.

"Thijainuka."

"Nakujua. Unainuka moyoni."

Mke alikuwa mwangalifu, lakini koti ni nguo yenye mikono miwili na tundu la mbele. Mlango ulipofunguliwa na muuguzi akaita, "Anayefuata!", mke aliinuka kwa ushindi, akavuta, akajikuta ameshika koti lisilo na mtu. Mumewe alikuwa mkiani na shati tupu, na muuza vitasa alikuwa akiingia kwa daktari, akisema kwa sauti ya kilio, "Mungu akulipe, mjinga wangu!"

Usiku huo mke alilitundika koti msumarini, akaliambia koti, "Wewe angalau unakaa unapowekwa." Binti hakulia, na hilo lilimuuma babaye kuliko gego. Alisema tu, "Nimekwenda kwa baba mdogo kumwomba afupishe. Amenijibu kwamba atafupisha mwanzo, ili apate nafasi ya kutosha katika kifungo."

Ijumaa asubuhi wageni walikwisha kuanza kufika, na mke hakuweza kuondoka nyumbani. Alimfunga mumewe vifungo vyote vya koti hadi shingoni, akamtazama machoni.

"Leo usiporudi na pengo, usirudi. Utaoa benchi lako."

Fundi alikwenda. Benchi lilikuwa limejaa, naye alipata nafasi ya kuketi kwa tako moja tu, mkiani kabisa, kwenye upepo wa mlango. Alipotazama mbele aliwaona: bibi wa mkongojo, aliyerudi kutazamwa kidonda chake, alikuwa wa kwanza, baada yake mama na mtoto wake, baada yao muuza vitasa, ambaye gego lake la pili lilikuwa limeona wivu, kisha watu wengine asiowajua. Wao nao walimwona, na shavu lake, lililokuwa limefikia ukubwa wa kumtangulia mwenyewe.

Muuguzi alitoa kichwa. "Daktari ataondoka mapema leo. Atawaona wawili watatu tu. Wengine mje wiki ijayo."

Bibi aliuchukua mkongojo wake, akainuka kwa vituo, kama ngazi inayokunjuliwa, akamgeukia fundi.

"Mwanangu," alisema, "tangulia."

Katika maisha yake yote fundi alikuwa amelitoa neno hilo kwa watu. Kuletewa hakuwahi. Alilitazama kama mtu aliyerudishiwa barua yake mwenyewe.

"Hapana, bibi. Mimi thina haraka."

"Huna haraka na shavu hilo? Haya, pita."

"Basi apite kwa nafasi yangu!" alisema mama wa mtoto, naye akainuka. "Bibi, wewe keti, umri wako mkubwa."

"Ninayempisha ni mimi!" alisema muuza vitasa, akiruka. "Huyu ni jirani yangu, nina haki ya kwanza. Kakaangu, pita kwa jina langu."

Fundi, kwa kuona watu wakisumbuka kwa ajili yake, aliinuka kuwazuia. Kwa kuwa aliyekuwa mkiani ameinuka, na waliokuwa mbele wameinuka, wale wa katikati waliona aibu kubaki wameketi peke yao kama watu wasio na malezi, wakainuka nao. Sasa desturi ya benchi ilikuwa wazi, na wote waliikumbuka kwa pamoja: ainukaye hurudi mkiani. Wakajisogeza wote mkiani, kila mmoja akimsukuma mwenzake kwa heshima, hata kundi zima likawa limebanana mlangoni mwa nje, na benchi likabaki tupu linang'aa.

Mlango wa daktari ulifunguka.

"Anayefuata!" aliita muuguzi.

"Ni yeye," alisema bibi.

"Ni bibi," alisema fundi.

"Ni huyu!" "Si mimi, ni wao!" "Mama, ingia wewe na mtoto!" "Thubutu!"

Muuguzi alitazama benchi lisilokuwa na mtu, akafunga mlango. Sauti yake ilisikika ndani: "Daktari, hakuna mgonjwa. Wamepona wote." Kisha ikasikika sauti ya zipu ya mkoba.

Hapo bibi aligonga mkongojo sakafuni.

"Wewe ni mchoyo," alimwambia fundi.

Muuza vitasa, aliyekuwa amemwita jirani yake kila neno, alishtuka. "Bibi, huyu? Huyu nyumbani hana hata kiti!"

"Mchoyo," alisema bibi tena. "Jumatatu ulinipisha. Nikalala usingizi ambao sikuwa nimeulala siku nyingi, na asubuhi nikajiambia, nitamlipa nini mtu yule? Leo nimepata cha kukulipa, unakikataa. Huyu mama naye ana deni la moyo kwako. Huyu mwenye meno mawili mabovu naye anatafuta pa kushukuria. Lakini wewe wema wote wautaka wewe, umeufungia kabatini kama sukari, na ufunguo umeuweka mfukoni. Sisi tusionje? Tufe tukiwa watu wa kupishwa tu? Mwenye kunyima chakula ni mchoyo wa chakula. Wewe ni mchoyo wa asante."

Fundi alikuwa na namna yake ya kupima ubao: huuinua hadi usawa wa jicho moja, hufumba jingine, na kuutazama urefu wake wote ili aone umepinda wapi. Aliyainua maneno ya bibi namna hiyo hiyo. Aliyatazama kutoka mwanzo hadi mwisho, akitarajia kuona yamepinda, wala hayakupinda. Alikumbuka ule ujoto mdogo uliomwingia kifuani kila aliposema, "Tangulia," na jinsi alivyoondoka nao peke yake kila mara, kama mtu aliyekomba sufuria akaosha na kijiko. Alimkumbuka mkewe juu ya ndoo. Viti vile vilikuwa na mwenyewe mwingine, na yeye alivitoa bila kumuuliza, kisha pongezi akazipokea yeye.

"Athante, bibi," alisema.

"Sikusikia."

"Athante!"

"Haya. Kumbe waweza. Sasa kimbia!"

Muuza vitasa alikwisha kufika mlango wa daktari na alikuwa akiugonga kwa viganja viwili. "Fungueni! Mgonjwa amekubali!"

Daktari, binti wa rika la mwanawe fundi, alilivaa tena koti lake jeupe bila kunung'unika, akamlaza kitini, akamchoma sindano ya ganzi. Alikuwa amechoka, na macho yake yalionyesha. Alichukua koleo, akaligonga gego moja kwa ncha.

"Ni hili, baba?"

Halikuwa hilo. Lilikuwa jirani yake, gego zima, lililofanya kazi miaka yote bila kumsumbua mtu. Fundi alimtazama daktari, akaona uchovu wake, akaona mkoba wake tayari mezani, akafikiri jinsi itakavyomfadhaisha binti wa watu kuambiwa amekosea. Kichwa chake kilikwisha kuanza kuitikia. Kilikwenda chini nusu ya safari, kikasimama.

Alitoa kidole kutoka chini ya kitambaa alichofunikwa kifuani. "Hapana," alisema. "La nyuma yake. Thamahani, dak..." Akajirekebisha. "Thi thamahani. Ndilo."

"Ungenyamaza, baba, tungeng'oa lisilo na hatia," alisema daktari, akacheka kicheko cha mtu aliyepunguziwa mzigo. Fundi alistaajabu. Alikuwa akidhani kwamba ukimkatalia mtu unamwibia kitu.

Nje, walipoiona pamba inatokeza shavuni, ukumbi mzima ulipiga makofi. Bibi aliingia baada yake, na safari hii hakumpisha mtu yeyote.

Jumamosi ukumbi wa arusi ulijaa. Viti havikutosha, na watu waliazima mabenchi kila mahali, mengi yakiwa ya mkono wa Tangulia. Wakati wa maneno ulipofika, baba mdogo aliinuka kabla ya kuitwa. Alikuwa amevaa koti la babu, lenye kifungo kile kile katikati ya tumbo. Binti yake fundi alikiona, akafunga macho.

"Kaka," alisema baba mdogo kwa sauti ya huruma, "jino limekutesa wiki nzima. Pumzika. Nipishe mimi niseme kwa niaba yako."

Lilikuwa ombi la ndugu, limetolewa kwa upole, mbele za watu. Ukumbi mzima uliomfahamu fundi ulikata tamaa. Mke alilishika pindo la koti la mumewe, kisha, kwa kuwa alikwisha kujifunza, akamshika na mshipi. Fundi alifungua kinywa. Lile neno la siku zote lilipanda hadi kwenye ulimi, likafika penye pengo.

"Keti, mdogo wangu," alisema. "Zamu hii ni yangu."

Baba mdogo aliketi, si kwa kutii bali kwa mshangao. Mahali pa nyuma palisikika sauti ya muuza vitasa: "Leo ana nafsi!"

Hotuba ya fundi haikuwa ya kuandikwa vitabuni. Pengo jipya lilipuliza mluzi kila alipotamka s, kwa hiyo aliwasalimu wakwe kwa mluzi na kuwashukuru wageni kwa mluzi. Alisema kwamba binti yake alijua kushika msumari kabla ya kushika kijiko, na kwamba alimtengenezea bwana harusi kitanda cha mti mgumu, hivyo asitafute kisingizio. Kisha akamwambia binti: "Mwanangu, ukiwa na kitu, mpe mwenzio. Lakini naye akikupa, pokea. Usimfanye mwenzio awe mgeni wa wema wako maisha yake yote. Hilo nimelijua jana, tena kwa kung'olewa." Akaketi. Chakula kilikuwa bado kinatoa mvuke.

Binti alicheka na kulia kwa wakati mmoja, jambo ambalo huwaharibia kazi wapiga picha.

"Hata kifungo hukukitaja," alilalamika baba mdogo, akikipapasa.

"Kifungo kilikwisha kupatikana," alisema fundi. "Kula."

Walikuwa ndio kwanza wametia mikono katika sahani, fundi na mkewe, kwenye benchi la mbele, mara mkongojo ukasikika. Bibi wa zahanati, aliyealikwa jana yake hapo hapo ukumbini mwa zahanati, alikuwa akitafuta mahali pa kuketi na hapakuwapo. Miguu ya fundi iliinuka kabla hajaishauri. Mke alivuta mshipi. Miguu ikarudi chini.

Fundi alimtazama bibi, akamtazama mkewe, akalitazama benchi. Lilikuwa la kazi yake, alilifahamu kila inchi. Halikuwa limejaa hata kidogo. Wao ndio walioketi wamejitandaza.

"Sogea, mama," alimwambia mkewe. "Tubanane."

Vanishi ilikuwa nzuri. Waliteleza, fundi huku na mkewe kule, bila kunyanyua makalio, na bibi akaketi katikati.